Injini ya dizeli ya zamani imezimika ghafla: kutafuta kilichokatika kwenye gia za taimingi na kiendeshi cha pampu

Injini nzito ya dizeli ya miaka ya 1960 hadi 1980 haina mambo mengi. Ikipata dizeli safi, hewa na mgandamizo, inawaka. Kwa hiyo ikizimika ghafla ikiwa kazini, tangi lina mafuta, chujio ni zima, na ukipiga stata inazunguka bila kutoa hata moshi kidogo kwenye ekzosi, achana kwanza na nozeli, vile vinyunyizio vya dizeli kwenye silinda. Kuna uwezekano mkubwa kwamba kati ya krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na pampu ya dizeli kuna kitu kimeacha kuzunguka.

Mwongozo huu unahusu hitilafu hiyo: kaplingi (kiungo cha shafti mbili) iliyokatika, kii (kipande kidogo cha chuma kati ya shafti na gia) iliyokatwa, gia iliyong'oka meno, shafti ya kompresa iliyovunjika. Ninachotaka ukishike tangu sasa ni kwamba vipuri hivi mara chache hufa kwa ugonjwa wao wenyewe. Kaplingi hukatwa na pampu iliyokaza. Gia hung'olewa meno na kitu kilichoanguka kati yake, au na dampa (kipuri cha kutuliza msokoto wa krankshafti) iliyokufa siku nyingi bila mtu kujua. Ukibadilisha kilichokatika tu na kuwasha, umenunua kipuri cha kukatika tena, na safari ya pili huenda kikaondoka na valvu na pistoni.

Kabla ya kugusa stata tena

Dereva au mwendeshaji atakuwa ameshapiga stata mara kadhaa kabla hujafika. Mzuie. Kama kilichokatika ni kiendeshi cha pampu peke yake, stata haitaharibu kitu. Kama ni cha kamshafti, shafti inayofungua valvu, valvu zimebaki zilipo na pistoni zinapanda kuzigonga, na kila mzunguko wa stata unapinda pushirodi (fimbo ya kusukuma valvu) nyingine. Kwa kutazama nje huwezi kujua ni kipi kati ya hivyo viwili.

Tenga betri. Weka gia boksi kwenye nyutro, zuia magurudumu, vuta mkono wa kuzimia injini na uufunge hapo. Injini yenye dizeli kwenye silinda inaweza kushtuka hata ukiizungusha kwa mkono, na vidole vyako vitakuwa karibu na feni.

Halafu uliza maswali, na usikilize majibu. Ilizimika mara moja kama imekatwa swichi, au ilipungua nguvu kidogo kidogo? Kulikuwa na mlio kabla? Geji ya upepo wa breki ilikuwa imeanza kupanda polepole siku hizo? Oili ilikuwa inaongezeka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, badala ya kupungua? Hili la mwisho watu hawalitaji mpaka waulizwe, kwa sababu oili inayoongezeka inaonekana kama habari njema. Ni dizeli inayovujia kwenye oili, mara nyingi kutoka kwenye fidi pampu (ile ndogo inayovuta dizeli kutoka tangini) au elementi (plunja, yaani vipistoni, na mapipa yake) za pampu zilizochakaa. Oili ikishakuwa nyepesi, bushi ya gia ya kati ni miongoni mwa vya kwanza kulia.

Ijue njia ya mzunguko kwenye injini yako

Huwezi kutafuta palipokatika kama hujui mzunguko unapita wapi. Kwenye injini nyingi za stroki nne, gia ya krankshafti inasukuma gia ya kati, na gia ya kati inagawa: kwa gia ya kamshafti, gia ya pampu ya dizeli, na mara nyingi kompresa ya upepo na pampu ya haidroliki. Pampu ya oili huwa na gia yake, kwa kawaida chini. Gia ya kamshafti ina meno mara mbili ya gia ya krankshafti, kwa sababu kamshafti huzunguka nusu ya mwendo. Pampu ya dizeli ya stroki nne nayo huzunguka nusu. Injini nyingi zina gia hizi mbele, nyuma ya puli. Nyingine zinazo nyuma, upande wa flaiwili, na hapo kazi ya kufungua ni nyingine kabisa.

Namna pampu inavyoshikwa ndiyo inayoamua utaanzia wapi.

Kuna pampu ya mstari, ile ndefu yenye elementi moja kwa kila silinda, aina ambayo Bosch walianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1927. Ikiwa imekaa juu ya kitako pembeni mwa injini, huendeshwa na shafti fupi kupitia kaplingi ya mabati membamba ya chuma yaliyopangwa pamoja na kufungwa kwa bolti nne. Hii ni rahisi. Kila kitu kiko nje, unakiona.

Kuna pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye nyumba ya gia, na gia yake imekaa juu ya tepa ya shafti (ncha iliyochongoka), ikishikwa na nati moja. Baadhi zina kii ya nusu mwezi, baadhi hazina kii kabisa: ni msuguano wa tepa tu unaoshika. Hapa huoni chochote mpaka ufungue kifuniko.

Cummins NT855, ile ya lita 14, ina mambo yake. Pampu yake ya PT imefungwa nyuma ya kompresa ya upepo na inaendeshwa na shafti ya kompresa hiyo kupitia kaplingi ndogo. Kompresa ikivunjika shafti, injini inanyimwa dizeli na kuzimika, na fundi asiyeijua atamaliza siku nzima kwenye chujio. Faida yake ni kwamba pampu hiyo haipangi taimingi. Inatoa presha tu, na wakati wa kunyunyiza unapangwa na kamshafti inayosukuma injekta. Pampu ya PT ikiteleza hakuna taimingi iliyoharibika.

Na kuna stroki mbili za Detroit Diesel, jamii ya 71 iliyoanza kuuzwa mwaka 1938. Hizi hutegemea bulowa kusukuma hewa ndani ya silinda, na bulowa huendeshwa na shafti nyembamba yenye meno ncha zote mbili. Ikikatika, dizeli inaingia lakini hewa haiingii: injini inatoa moshi mweusi na kufa, na haiwaki tena. Dalili ni kinyume na za injini nyingine zote ninazozungumzia hapa, kwa hiyo usizichanganye.

Hatua ya 1: Zungusha kwa mkono

Tumia bolti ya puli ya mbele, au tundu la kuzungushia kwenye nyumba ya flaiwili kama lipo. Zungusha upande ambao injini huzunguka kawaida, mizunguko miwili kamili, taratibu. Nguvu itakayohitajika ni ya mgandamizo: inakuwa ngumu, halafu inalegea, halafu inakuwa ngumu tena. Injini ya silinda sita itakupa vilima sita katika mizunguko miwili.

Ukigonga kitu kigumu cha chuma kwa chuma, simama. Usirefushe spana kwa bomba. Rudisha nyuma kidogo, fungua kava ya tapeti (kifuniko cha juu, kinachofunika valvu), uangalie.

Kama inazunguka laini mno, bila vilima kabisa, kamshafti huenda haizunguki na valvu zimebaki wazi. Kwenye stata utaisikia hivyo hivyo: mlio mmoja ulionyooka badala ya ule wa kupanda na kushuka.

Hatua ya 2: Tazama kipi kinazunguka na kipi kimesimama

Fungua kava ya tapeti na umwambie msaidizi azungushe. Roka zote, vile vikono vinavyobonyeza valvu, zinapaswa kupanda na kushuka katika mizunguko miwili. Zikisimama zote, tatizo ni gia ya kamshafti au gia ya kati, na kazi ya kufungua kifuniko cha taimingi haiepukiki. Zikitembea zote isipokuwa chache, una pushirodi zilizopinda, na lazima ujue zilipindaje kabla ya kuendelea.

Roka zikiwa sawa, hamia kwenye pampu. Kama kuna kaplingi nje, piga mstari wa chaki kwenye nusu zote mbili na kwenye nyumba ya pampu, kisha zungusha tena. Kuna majibu matatu tu. Nusu ya injini haizunguki: kimekatika kabla ya hapo, ni gia au shafti fupi. Nusu ya injini inazunguka na ya pampu imesimama: ni kaplingi yenyewe. Zote zinazunguka lakini pampu haisukumi: ni kii, tepa au kamshafti ya ndani ya pampu. Kuthibitisha hili la tatu, fungua kibati cha ubavuni mwa pampu ya mstari, utaona kama plunja zinapanda.

Pampu isiyo na kaplingi ya nje inahitaji akili kidogo. Legeza nati za paipu za nozeli mbili tatu, toa upepo kwa pampu ya mkono, sukuma mkono wa kuzimia urudi kwenye nafasi ya kuwasha, rudisha betri na upige stata kwa muda mfupi, ikiwa tu umehakikisha roka ziko salama. Dizeli ikiruka kwa mapigo, pampu inazunguka na tatizo si kiendeshi. Isipotoka kitu, ingawa fidi pampu inaleta dizeli mpaka mlangoni mwa pampu, kiendeshi ndicho mshukiwa. Usiweke kidole kwenye paipu wala nozeli inayotoa presha. Dizeli ya presha hiyo inatoboa ngozi na kuingia ndani, na ni jeraha la kupasuliwa hospitali hata kama kitundu kinaonekana kidogo. Ukimaliza, tenga betri tena na uufunge ule mkono wa kuzimia.

Geji ya mizunguko inayoendeshwa na pampu nayo inasema ukweli: sindano ikibaki sifuri wakati stata inazungusha, pampu haizunguki.

Moshi nao usiupuuze. Bila moshi kabisa, dizeli haifiki kwenye silinda. Moshi mweupe mzito na injini inakataa kuwaka, dizeli inafika lakini kwa wakati mbaya: kiendeshi hakijakatika, kimeteleza. Injini iliyoteleza ikachelewa itakosa nguvu na ekzosi itachemka sana. Iliyotangulia itagonga kwa mlio mkavu mkali hata bila mzigo.

Hatua ya 3: Soma kilichovunjika kabla ya kukitupa

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo watu wanapoharakisha.

Anza na kaplingi ya mabati. Itoe, ipanguse, uishike mwangani. Bati moja moja huanza kupasuka kwenye matundu ya bolti, ufa mwembamba unaotoka ukingoni mwa tundu kwenda nje. Kama nyufa ziko kwenye mabati mengi na ni za zamani, zimeingia oili na kuwa nyeusi, kaplingi imekuwa ikipindwa kila mzunguko. Maana yake pampu na shafti havikuwa kwenye mstari mmoja. Kama kuna vumbi la rangi ya kutu kuzunguka bolti, zilikuwa zimelegea na vyuma vinasagana. Kama mabati yote yamechanika kwa mara moja, bila ufa wa zamani, kuna kitu kilisimama ghafla, na hicho ni pampu.

Shafti na jino la gia husomwa vivyo hivyo. Tazama uso wa mpasuko kwa kioo cha kukuzia kama unacho. Chuma kilichochoka polepole kinaacha eneo laini, lililong'aa kwa kusuguana, lenye mistari iliyopinda inayoanzia nukta moja, kwa kawaida kwenye kona kali, alama ya tupa, au shina la jino. Sehemu ya mwisho, iliyovunjika mara moja, ni ya chengachenga na rangi ya kijivu. Eneo laini likiwa kubwa na la chengachenga likiwa dogo, mzigo ulikuwa wa kawaida lakini chuma kimekuwa kikiteseka muda mrefu: tafuta mtikisiko, plei (uwazi unaofanya vyuma vicheze) au dampa. Ikiwa uso wote ni wa chengachenga, kuna kitu kilikwama.

Kii ya nusu mwezi iliyokatwa kwa usawa kabisa wa shafti na gia karibu kila mara ina maana kwamba nati ililegea. Kazi ya kubeba mzigo ni ya tepa. Kii ni ya kuweka nafasi tu. Tazama tepa yenyewe: ikiwa imechubuka mduara mzima na kuna mikwaruzo ya chuma kilichoyeyukiana, ulegevu ulianza mapema. Tepa ya namna hiyo haisafishwi kwa msasa ikawa nzima. Badilisha.

Meno yaliyong'oka yanahitaji kuhesabiwa. Shusha sampu, pitisha sumaku, chuja oili kwenye kitambaa, na ukipange kila kipande mezani kama vigae vya chungu kilichovunjika mpaka jino likamilike. Kipande kisichopatikana kiko mahali fulani ndani ya injini. Mara nyingi huwa kwenye chujio la mdomo wa pampu ya oili, na hapo ndipo pa kutazama kabla ya kwingine kokote.

Hatua ya 4: Mtafute mkosaji

Tenganisha kaplingi, kisha jaribu kuizungusha pampu peke yake. Pampu ya mstari huwa na ugumu wa kupokezana, kila plunja ikikutana na springi yake, lakini inazunguka pande zote mbili bila kukwama. Ikikwama sehemu moja, kuna plunja iliyoshika, na sababu ya kawaida ni maji kwenye dizeli. Angalia pia raki, fimbo ya pampu inayopanga kiasi cha dizeli: sukuma mkono wa kuzimia na uuachie. Unapaswa kurudi wenyewe kwa springi, bila kusita. Raki iliyoshika kwenye nafasi ya mafuta mengi ni hatari kuliko pampu iliyokufa, kwa sababu injini itakapowaka itapanda mwendo na kukataa kushuka. Pampu yoyote iliyokata kiendeshi chake iende kwenye benchi ya kupimia kabla ya kurudi kwenye injini. Najua ni gharama na ni muda. Haina njia ya mkato.

Pampu ikiwa nzima, mgeukie kompresa. Shafti yake husukuma na kuvuta kila mzunguko, na mtikisiko huo unarudi kwenye gia. Kompresa inayochoma oili huziba paipu yake ya kutolea upepo kwa masizi. Paipu ikiziba, joto linapanda na pistoni yake inaanza kukamata. Fungua paipu hiyo utazame ndani. Kama injini ilikuwa bado inafanya kazi na mlio upo mbele, kuna jaribio zuri: sikiliza wakati kompresa inajaza upepo, kisha sikiliza baada ya presha kufika juu na kompresa kuachia mzigo. Mlio ukibadilika pale pale, umempata.

Sasa dampa. Hiki ndicho kipuri kinachosahauliwa kuliko vyote, kwa sababu hakivuji, hakilii, na injini inawaka vizuri bila kujali hali yake. Kazi yake ni kutuliza msokoto wa krankshafti, ule mnyonganyongo mdogo unaotokea kila silinda inapolipuka. Dampa ikifa, msokoto huo unaenda kwenye gia na puani mwa krankshafti. Dampa ya mpira: piga mstari kutoka kitovu hadi pete ya nje, fanya kazi siku chache, tazama tena. Mstari ukivunjika, mpira umeachia. Pia angalia kama mpira umechomoza au una nyufa za kina. Dampa ya majimaji mazito, ile iliyofungwa pande zote, haikupi nafasi ya kuipima gereji. Ikiwa na mbonyeo, imevimba, imevuja, au haijulikani ina umri gani kwenye injini iliyovunja gia, ibadilishe. Usiigonge kwa nyundo wala kuitoa kwa mtaimbo. Mbonyeo mdogo unaikamata pete ya ndani na dampa imekwisha siku hiyo hiyo.

Gia ya kati ina bushi au beringi, na oili huifikia kupitia tundu dogo kwenye shafti yake. Tundu hilo huzibwa na gundi ya gasketi iliyopakwa kwa wingi na fundi aliyetangulia. Lipulize kwa upepo mpaka uhakikishe linapita. Shika gia kwa mikono miwili na uitikise: plei ya bushi unaisikia mkononi. Halafu pima plei kati ya meno kwa saa ya kupimia, sindano ikigusa ubavu wa jino, ukipima sehemu nne za mduara. Kwa injini nyingi za aina hii ni kati ya milimita 0.1 na 0.3, lakini neno la mwisho ni la kitabu cha injini yako. Kipimo kikibadilika sana kutoka sehemu moja hadi nyingine, gia imepinda au shafti imepinda.

Mwisho, kitu kilichoanguka. Mfano unaojulikana sana ni Cummins 6BT za valvu 12, ambazo pini ya kupangia nyumba ya gia ya mbele hulegea, hutambaa nje ya tundu lake, na kudondokea kwenye gia. Dawa yake ni kibati kidogo kinachofungwa na bolti iliyo jirani kuizuia isitoke. Kwenye injini yoyote, ukiwa umeshafungua kifuniko, pitisha bisibisi kwenye kila pini na kila bolti ya ndani. Ni dakika chache.

Mikanda ya feni na altaneta sitaizungumzia sana: ikikatika unaona. Angalia tu kama puli ziko kwenye mstari mmoja na kama beringi ya puli ya kukazia haina kelele.

Hatua ya 5: Kurudisha

Tepa na tundu lake vipanguswe kwa kiyeyushi mpaka vikauke kabisa. Usipake oili wala grisi. Tepa isiyo na kii hushika kwa msuguano peke yake, na utando wa oili unatosha kuifanya iteleze siku ya kwanza yenye mzigo. Kaza nati kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu. Washa (pete) za kufungia na nati za kujifunga ziwe mpya.

Kaplingi ya mabati ikae imenyooka. Ikiwa mabati yanavutwa mbele au nyuma ukikaza bolti, sogeza nusu ya kaplingi kwenye shafti mpaka yatulie yenyewe. Pima mstari wa pampu na shafti kwa saa ya kupimia, pembeni na usoni, na uweke shimu (vibati vyembamba) chini ya kitako kama pampu iko chini. Kaplingi mpya kwenye pampu iliyopinda itakufa kwa nyufa zile zile ulizoziona.

Gia zipangwe kwa alama zake, pistoni ya kwanza ikiwa juu kabisa. Ukishafunga na kuzungusha, alama za gia ya kati hazitakutana tena mzunguko unaofuata, na hilo huwatia watu hofu wakafungua upya. Idadi ya meno yake hailingani na nyingine, hivyo hukutana baada ya mizunguko mingi. Kuhakikisha, angalia silinda: kwenye injini ya silinda sita kwa mstari, valvu za silinda ya sita zikiwa zinabadilishana, ya kutolea ikifunga na ya kuingizia ikifungua, silinda ya kwanza iko juu kwenye mgandamizo. Usipofanya hivyo unaweza kuweka pampu nusu mzunguko nje, na utapata moshi mweupe mwingi na injini isiyowaka.

Kosa la jino moja si dogo. Gia ya pampu yenye meno 56 ikiruka jino moja, pampu imehama digrii 6.4, na kwa kuwa pampu huzunguka nusu ya mwendo, hiyo ni karibu digrii 13 za krankshafti. Kwa sababu hiyo hiyo, ukisogeza kaplingi digrii moja umesogeza mbili kwenye flaiwili.

Hatua ya 6: Taimingi ya pampu ya mstari

Digrii za injini yako zimeandikwa kwenye kibati chake au kitabu. Kama puli haina alama za digrii, zitengeneze: puli ya kipenyo cha milimita 360 ina mduara wa karibu milimita 1,131, hivyo kila digrii ni milimita 3.1. Pima kuanzia alama ya juu kabisa.

Toa paipu ya nozeli ya kwanza, fungua kishikio cha dilivari valvu (valvu ya kutolea dizeli juu ya pampu), toa valvu na springi yake, rudisha kishikio na ufunge kipaipu kilichopinda. Weka raki kwenye nafasi ya mafuta, si ya kuzima. Rudisha krankshafti nyuma kupita alama, kisha leta dizeli kwa pampu ya mkono; itatiririka. Sasa zungusha upande wa kawaida, polepole. Mtiririko utapungua, utakuwa matone, halafu utakatika. Pale unapokatika ndipo plunja imefunga milango yake, na ndipo alama ya digrii inapaswa kuwa. Ukipitiliza, usirudishe kidogo ukasoma hapo hapo: plei ya gia itakudanganya. Rudi nyuma sana, uje upya. Legeza kaplingi, sogeza pampu, kaza, rudia mpaka upate jibu lile lile mara mbili mfululizo. Rudisha dilivari valvu na springi yake kwa torki ya kitabu, kila kitu kikiwa kisafi.

Hatua ya 7: Kuwasha mara ya kwanza

Pampu imefunguliwa, hivyo jiandae kwa injini kukimbia yenyewe. Toa bomba la kuingizia hewa na uweke karibu kipande cha bati au ubao mgumu kinachoweza kufunika mdomo wote. Usitumie mkono wala tambara. Turbo au injini itavimeza. Msaidizi mmoja asimame hapo bila kazi nyingine.

Kabla ya kuwasha, zungusha kwa stata huku mkono wa kuzimia ukiwa umevutwa, mpaka geji ya oili isogee. Injini iliyofunguliwa mbele ina gia kavu, na presha hiyo pia inakuthibitishia kwamba kiendeshi cha pampu ya oili kipo kazini. Ndipo uwashe.

Iache itembee bila mzigo na usikilize kwa bisibisi ndefu, mpini sikioni na ncha kwenye nyumba ya gia, mbali na feni na mikanda. Mlio wa kuguguna bila mzigo unaopotea ukipandisha mwendo kidogo ni plei ya meno. Kiasi fulani ni cha kawaida kwenye injini nzee. Mlio mwembamba unaopanda na mwendo ni gia mpya iliyobanwa mno dhidi ya ya zamani, na huo si wa kuvumilia: zima, fungua, pima plei.

Ikishapata joto la kazi, izime, iache ipoe, kaza upya bolti za kaplingi na za kitako cha pampu. Baada ya saa chache za mzigo, badilisha oili na chujio, kata chujio la zamani kwa msumeno wa bati na ufungue karatasi yake mwangani. Vumbi la kijivu kidogo ni la gia mpya zinazozoeana. Chembe unazoweza kuzihisi kati ya vidole zinakurudisha kwenye hatua ya tatu.